Namna ya kufuatilia uchaguzi wa gavana wa jimbo ukiwa Lubumbashi

Anayetaka kufuatilia uchaguzi wa gavana wa Haut-Katanga, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambalo makao yake makuu ni Lubumbashi, aanze kwa kukumbuka nani anayepiga kura. Kifungu cha 198 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba gavana na makamu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja tu, kisha Rais wa Jamhuri huwaidhinisha kwa amri yake. Mkazi wa manispaa za Katuba, Kenya au Ruashi hapa Lubumbashi, sawa na yule wa teritwari za Kipushi au Pweto, huwa amekwisha kutoa sauti yake siku alipomchagua mbunge wa jimbo, na baada ya hapo neno linabaki kwa watu wasiofika hamsini. Ndiyo maana misafara ya magari na picha za wagombea barabarani haziwezi kukuambia mengi, hata zikijaza mji mzima. Wafuatilie wapiga kura hao wachache kabla hujawafuatilia wagombea.

Kazi hiyo huanza mapema, mara tu tume ya uchaguzi, yaani CENI, inapotangaza matokeo ya uchaguzi wa wabunge wa jimbo. Fungua daftari na umpe kila mbunge ukurasa wake. Andika alichaguliwa katika mji au teritwari gani, kwa kura ngapi, kwa orodha ya chama kipi, na chama hicho kiko chini ya mwavuli wa nani. Hili la mwisho linahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu vyama vikubwa vya nchi yetu vimezoea kuunda makundi kadhaa yenye majina tofauti, ambayo watu huyaita mosaïques, ili kila kundi lijipatie viti vyake. Mbunge anayeonekana kwenye karatasi kuwa wa kikundi kidogo kisichojulikana anaweza kuwa mtu wa chama kinachotawala tangu siku ya kwanza. Usisahau viongozi wa kimila wanaoingia Bunge la jimbo kwa kuteuliwa na wenzao, ambao Katiba inataka wasizidi sehemu ya kumi ya wabunge wote. Watu wengi huwaacha kando katika hesabu zao, ilhali kura zinapokaribiana viti hivyo vichache ndivyo vinavyoamua.

Halafu subiri uchaguzi wa ofisi ya Bunge. Bunge jipya huanza na ofisi ya muda inayoongozwa na mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, huthibitisha mamlaka ya wajumbe wake, hupitisha kanuni zake za ndani, na ndipo humchagua spika na wasaidizi wake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote, kwa kuwa ni mara ya kwanza wabunge hao kumchagua mtu kwa pamoja. Linganisha idadi ya kura alizopata spika na hesabu ya daftari lako: tofauti yoyote inakuonyesha kwamba kuna watu ambao ulikuwa umewaweka upande usio wao, na una muda wa kuwatafuta na kuzungumza nao kabla uchaguzi wa gavana haujafika.

Wakati huohuo elekeza sikio Kinshasa. Jina la mgombea wa muungano unaotawala kwa kawaida hukubaliwa huko, katika mazungumzo ya viongozi wa vyama, na mgombea hujitokeza pamoja na makamu wake kwenye tiketi moja. Iangalie tiketi hiyo kwa makini: anatoka wapi huyu, anatoka wapi yule, na ni kundi gani la Bunge linaloridhishwa na jina la makamu. Hapa Katanga jambo la asili ya mtu ni zito. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na hata hapa Lubumbashi, na jeraha hilo halijapona katika familia nyingi. Unaweza kuhitaji kujua asili ya mbunge ili uelewe anavyofikiri, lakini orodha ya wabunge iliyopangwa kwa makabila haifai kuenezwa kwenye simu za watu wakati wa uchaguzi. Nalisema hili kwa uzito wote: mfuatiliaji anayefanya hivyo anawasha moto ambao hataweza kuuzima.

Usiamini kwamba hesabu ya vyama inatosha. Mwezi Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, ambao nao hupigiwa kura na wabunge wa majimbo, wafuasi wa UDPS, chama cha Rais Félix Tshisekedi, waliingia barabarani wakidai kwamba wabunge wa chama chao walinunuliwa, na uchaguzi wa magavana ukasogezwa mbele hadi tarehe 10 Aprili. Mwaka 2007, matokeo ya uchaguzi wa gavana huko Bas-Congo, jimbo ambalo sasa huitwa Kongo Central, yalifuatwa na maandamano ambayo watu wengi walipoteza maisha yao. Kwa sababu hiyo habari za bahasha na pesa zitakufikia kila siku, nyingi zikipitia radio trottoir, yaani uvumi wa mitaani, na ni lazima uwe na utaratibu wa kuzipokea. Tenga kwenye daftari niliyoyaona mwenyewe, niliyoambiwa na mtu aliyekuwepo, na niliyoyasikia yakizunguka. Aina ya tatu usiitangaze kamwe. Itumie tu kama sababu ya kuuliza. Kura ni ya siri, kwa hiyo hata baada ya matokeo huwezi kusema kwa hakika fulani alimpigia nani, isipokuwa yeye mwenyewe amekiri hadharani.

Kama unataka kuwa ndani ya ukumbi siku ya kura, omba kibali CENI mapema, kwani kampeni yenyewe hudumu siku chache tu na milango hujaa haraka. Ukiwa ndani, hesabu waliohudhuria, kura zilizoharibika, na kura za kila tiketi wakati wa kuzisoma kwa sauti. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura. Akikosekana wa kufikia hapo, tiketi mbili za mbele huingia duru ya pili, na wakati wa kungojea duru hiyo ndio wa kutazama nani anamfuata nani kwenye korido. Ni kwa kura kama hii ya wabunge Jacques Kyabula alichaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwaka 2019, na tena tarehe 29 Aprili 2024. Matokeo ya siku hiyo ni ya muda, kwani anayelalamika anaweza kwenda mahakamani, basi yaandike hivyo. Wenzetu wa Goma hawakuwa na kura hiyo ya mwaka 2024 kabisa, kwa kuwa jimbo lao la Kivu ya Kaskazini lilikuwa chini ya gavana wa kijeshi tangu Mei 2021.

Wengi hufunga daftari wakati huu, na mimi naona ndipo sehemu muhimu inapoanza. Gavana aliyechaguliwa lazima alete mpango wa serikali yake mbele ya Bunge, na wabunge waupitishe kwa wingi wa kura kabla mawaziri wake hawajaanza kazi. Bunge hilohilo linaweza kumwondoa baadaye: Jean-Claude Kazembe, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwezi Machi 2016, alipigiwa kura ya kuondolewa mwaka uliofuata. Katika jimbo la shaba na kobalti ugomvi huu una sababu yake, kwani sheria ya madini ya mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha unaotozwa kampuni za migodi, na ngazi za utawala zilizo chini ya jimbo, kama manispaa na uchifu, asilimia 15. Omba nakala ya mpango uliosomwa Bungeni, uweke alama kwenye kila ahadi inayohitaji fedha, barabara kwa barabara na shule kwa shule, kisha uende nayo kwenye kikao cha Septemba, ambacho ndicho cha bajeti, ukaone ni ahadi zipi zimepewa mstari wake wa matumizi.