Namna ya Kuhifadhi Historia ya Kambi za Wapigania Uhuru Kongwa

Kuanzia mwaka 1964, Kongwa, mkoani Dodoma, ilipokea wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya FRELIMO (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini), SWAPO (Namibia), MPLA (Angola) na ZAPU (Zimbabwe), ambao kambi zao zilikuwa jirani katika ardhi ambayo Waingereza walikuwa wameitumia kwa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Anayetaka kuhifadhi historia hiyo aanze na wazee kabla ya majengo. Ukuta uliopasuka unaweza kusubiri msimu mwingine, lakini kijana wa miaka ishirini wa mwaka 1964 sasa amekwisha kuvuka themanini.

Kwanza, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha mwandikie barua afisa utamaduni wa halmashauri ukieleza unakusanya nini na nakala zitabaki wapi. Eneo lolote ambalo bado linatumiwa na jeshi au taasisi nyingine lisipigwe picha bila ruhusa ya maandishi.

Unapoketi na mzee, usimwulize swali pana kuhusu ukombozi wa Afrika, kwa kuwa atakujibu kwa maneno ya hotuba alizozisikia redioni. Mwulize alichokiona: wapiganaji waliteka maji wapi, walinunua maziwa na kuku kwa nani, waliongea lugha gani dukani, nani aliwatibu walipougua, na wanakijiji walikatazwa kupita njia zipi. Anayejieleza vizuri zaidi kwa Kigogo aachwe aseme Kigogo, na tafsiri ifanywe baadaye na mtu wa hapo hapo. Wanawake wahojiwe peke yao inapowezekana, maana wao ndio waliouza vyakula, waliofua nguo, na wengine walizaa na wageni hao. Habari za aina hiyo ni za familia, na zisitolewe hadharani mpaka wahusika wenyewe waridhie. Mwanzoni mwa kila rekodi, taja tarehe, mahali na jina la anayehojiwa, na umwombe atamke ridhaa yake kwa sauti.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. Wapiganaji wengi walitumia majina ya kivita, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja kijijini na jingine katika nyaraka za chama chake. Andika jina kama lilivyotamkwa, taja aliyelitamka, wala usiliunganishe na jina la mtu maarufu kwa kukisia. Vivyo hivyo, mzee akisema tu "wale wapigania uhuru", mwulize walikuwa wa chama gani na alijuaje, kwa sababu kambi zilikuwa kadhaa na kumbukumbu huzichanganya kwa urahisi.

Baada ya mahojiano, tembea naye eneo lenyewe akuoneshe, na kila kituo ukiwekee alama kwa simu yenye GPS. Piga picha ya mbali na ya karibu, ukiweka rula kando ya kitu. Usichimbe na usiokote chochote. Ukiona chuma kinachofanana na risasi au bomu, ondoka na uwaarifu polisi.

Makaburi yasipakwe chokaa wala saruji mpya kabla ya maandishi yake kunakiliwa. Nimeona nia njema ya usafi ikifuta herufi ambazo mvua za miaka mingi hazikuzifuta. Yapige picha asubuhi mapema, jua likiwa upande, ndipo herufi zilizofifia husomeka.

Picha na barua za zamani zisilaminishwe wala kubandikwa selotepu. Ziskaniwe, kisha zirudishwe kwa mwenyewe zikiwa katika bahasha kavu, juu ya rafu, mbali na mchwa. Rekodi ziwe na nakala tatu, mojawapo nje ya wilaya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo kambi hizi hupata ulinzi huo pale tu waziri anapozitangaza rasmi. Kwa sababu hiyo, unganisha ramani, picha na muhtasari wa mahojiano katika faili moja, ulipeleke Idara ya Mambo ya Kale kupitia halmashauri, na nakala uipe ofisi ya kijiji. Nakala nyingine inaweza kutumwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, kunakohifadhiwa nyaraka za ANC, ili majina yaliyokumbukwa Kongwa yalinganishwe na yaliyoandikwa huko.