Sumu ya kupulizia: sikiliza kifua, achana na mboni

Ameletwa kwa bodaboda, ananuka dawa ya nyanya. Udenda, jasho, amejikojolea, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano, kifuani maji yanabubujika. Hiyo ni organofosfeti, dawa ya kuua wadudu: imezima kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini, kemikali ya neva inayoamuru tezi zitoe maji, na mgonjwa anazama kwenye maji yake mwenyewe.

Hatua ya 1. Glavu za nitraili, aproni, madirisha wazi. Mvue kila kitu, hata mkanda na viatu vya ngozi. Sabuni na maji mengi, usisahau nywele na kucha. Mmoja anaosha, mwingine anatafuta mshipa. Atropini, dawa ya kukausha maji hayo, haingoji bafu liishe.

Hatua ya 2. Mlaze ubavu, nyonya mate, weka oksijeni. Usimtapishe. Ndugu watakuwa wameshamnywesha maziwa. Usigombane nao, waulize chupa ya dawa iko wapi.

Hatua ya 3. Atropini, mtu mzima, miligramu 2 mshipani. Baada ya dakika 5 sikiliza kifua. Bado kina maji? Mpe 4. Kisha 8. Kisha 16. Hapa ndipo mkono hutetemeka. Mara yangu ya kwanza nilimaliza ampuli zote za chumba cha dharura, muuguzi akaniuliza, "Daktari, una uhakika?" Sikuwa nao. Tukaazima nyingine chumba cha upasuaji. Unachotafuta ni kifua kikavu, mapigo zaidi ya 80 na namba ya juu ya presha zaidi ya 80. Mboni huchelewa, zisikupotezee muda. Na mapigo yakifika 120 huku kifua kinabubujika, usiache.

Hatua ya 4. Kifua kikikauka, weka dripu: kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla uliyompa. Kama ilifika miligramu 30, basi 3 hadi 6 kwa saa. Akianza kuropoka, joto likapanda na tumbo likanyamaza, atropini imezidi. Simamisha, uanze tena kwa kiwango cha chini. Degedege ikija, diazepamu miligramu 10.

Hatua ya 5. Siku ya pili anakunywa uji, kila mtu anataka kitanda. Subiri. Hadi siku ya nne, kila raundi mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Kikimshinda, misuli ya kupumua iko njiani kufuata, hivyo andaa mpira wa kupitisha hewa kooni mapema. Na ukipata faragha, muulize taratibu kama alikunywa kwa kusudi.