Kabla ya Kupanda Amani

Anayekwenda Amani akitarajia vitalu vya maua na vibanda vya kupigia picha atasikitika. Bustani hii ya mimea, milimani juu ya Muheza mkoani Tanga, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama shamba la majaribio: mkwinini, kahawa, mipira, viungo na miti ya mbao kutoka kila bara ilipandwa ili ionekane ipi itashika. Leo yote ni msitu, na usipokuwa na mtu wa kukuonyesha utaona majani tu. Basi tangulia kutafuta mwongozaji, viatu vitafuata. Mwambie akuonyeshe musizi, mti ulioletwa kupandwa kisha ndege, hasa hondohondo, wakausambaza hadi ukaingilia msitu wa asili. Hakuna darasa zuri kuliko hilo.

Halafu chagua msimu, maana ndio unaoamua utakachokiona. Masika, Machi hadi Mei, barabara ya udongo inayopanda kwa kona kutoka Sigi, kwenye lango la kuingilia chini ya mlima, hugeuka utelezi. Mwenye gari dogo aahirishe. Juni hadi Septemba ni kukavu zaidi na njia zinapitika vizuri, ila usiku sweta haikwepeki. Januari na Februari kuna joto, na wengi huona ndio wakati rahisi wa kutembea. Vuli ni ya wenye subira: mvua ikinyesha vyura husikika kila bonde, na ukitoka usiku na tochi utawaona vinyonga wamelala kwenye matawi, wamepauka. Hata kiangazi usiache koti la mvua, kwani upepo wa bahari ya Hindi hugonga milima hii na kumwaga unyevu wake wakati wowote.

Wapenda ndege waamke alfajiri. Chozi wa Amani hukaa juu kwenye vilele vya miti, kwa hiyo bila darubini utaambulia maumivu ya shingo. Ua maarufu la urujuani la Usambara, ambalo Ulaya ililifahamu baada ya mbegu zake kupelekwa Ujerumani mwaka 1892, huota kwenye miamba yenye kivuli na majimaji. Litazame, usiling'oe. Madukani limejaa dunia nzima, lakini porini limebaki kwenye vipande vichache vya msitu.

Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Weka salio kwenye simu na taslimu mfukoni pia, maana mtandao mlimani hauaminiki. Dawa ya kufukuza mbu usiisahau, hasa ukilala Sigi, ambako ni chini na joto ni kali zaidi.

Kutoka Tanga unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini utawakosa vinyonga. Lala. Ila chakula cha jioni kiagize tangu mchana. Usitegemee mtu akuchinjie kuku saa mbili usiku.