Somo: Jinsi ya kutengeneza mchezo wa kadi wa kuwafundisha vijana mipaka binafsi

Michezo mingi ya mada hii ina kasoro ileile: kijana akisema "hapana" anapewa alama, basi, yamekwisha. Nje ya mchezo, hapana ina gharama. Rafiki ananuna, kundi linakucheka, mtu anakuuliza "kwani mimi nani kwako?" Na anayebeba somo lote ni yule anayeombwa, huku anayeomba hafundishwi chochote. Mchezo huu unageuza hapo. Ni wa wachezaji 4 hadi 6, umri wa miaka 12 hadi 15. Unahitaji karatasi ngumu, kalamu, bakuli na kete (vitu vidogo vya kuhesabia, kama kokoto).

Hatua ya 1: Chagua tabia moja
"Vijana wajue mipaka" ni pana mno, huwezi kulipima. Sisi tunataka hili: mchezaji akikataliwa, aache bila kubembeleza.

Hatua ya 2: Andika kadi 24 za maombi
Hapa usiharakishe, maana mchezo wote umo humu. Andika kwa maneno ambayo vijana wenyewe wanayatumia:

- "Nipe neno la siri la simu yako, kama kweli unaniamini."
- "Ile picha yako ya jana niiweke kwenye kundi, umetoka vizuri."
- "Njoo nikukumbatie, mbona umekaa kinyonge?"
- "Niazime kalamu."

Ndiyo, hata kalamu. Kadi zote zikiwa za hatari, vijana watajifunza kukataa kila kitu. Theluthi moja ziwe maombi ya kawaida kabisa, na nyingine nyingi ziwe za katikati, ambazo jibu linategemea ni nani anayeomba.

Usiandike kadi za ngono wala za mtu mzima anayemshika mtoto. Hayo hayajadiliwi kwa zamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 19 na ya 34, unaweka wajibu wa ulinzi kwa serikali, na mchezo usimbebeshe mtoto wajibu huo.

Hatua ya 3: Kanuni
Weka kete 10 kwenye bakuli la imani, yaani kuaminiana kwa kundi zima. Mwombaji anasoma kadi kwa mmoja wa wenzake, naye anajibu Ndiyo au Hapana. Ikiwa Ndiyo, mwombaji anaichukua kadi. Ikiwa Hapana, ana njia mbili: aache, na bakuli liongezewe kete 1, au ashinikize (abembeleze, anune, aseme "wenzako wote wamekubali"), na bakuli lipoteze kete 2, hata kama mwenzake hatalegea. Mwenzake akilegea, mwombaji anachukua kadi.

Wa kwanza kufikisha kadi 3 anashinda. Bakuli likikauka, wote wameshindwa. Angalia vizuri: aliyelegea hapotezi kitu. Mzigo uko kwa aliyeshinikiza.

Hatua ya 4: Kadi ya X
Ni kadi yenye herufi X tu; John Stavropoulos, mbunifu wa michezo, aliibuni kwa ajili ya michezo ya kuigiza mezani. Inakaa katikati, yeyote akiigusa, kadi inayochezwa inaachwa na haulizwi sababu. Msimamizi naye ajue la kufanya mtoto akifunguka kuhusu jambo lililompata: asikilize, asihoji, asiahidi kutunza siri, amfikishie mhusika wa ulinzi wa watoto.

Hatua ya 5: Jaribu ukiwa kimya
Wape maelekezo, kaa pembeni. Kanuni wanayokuuliza mara mbili, iandike upya.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mwalimu. Kwangu kila kadi ni Hapana, hakuna anayefika kadi 3.*
Ruhusu "Ndiyo, lakini": aliyeombwa anaweka sharti, mwombaji akilikubali anachukua kadi. "Piga picha, lakini usiitume." Halafu hesabu tena zile kadi za kawaida, nadhani ni chache.

*Niwatenganishe wavulana na wasichana?*
Mimi huwachanganya, kwa kuwa kuomba na kukataliwa kunawahusu wote. Wakiona aibu, raundi ya kwanza iwe ya maombi ya vitu tu.

*Wazazi watasema tunawafundisha watoto kuwakatalia wakubwa.*
Wape kadi wacheze kabla ya watoto. Wataona kuosha vyombo hakumo. Kilichomo ni mwili, siri na simu, na mzazi aliyekaa kwenye kiti cha mwombaji huwa na maswali machache.

*Naweza kuufanya programu ya simu?*
Unaweza, ila mashine hainuni, na kununiwa ndiko kunakofanya hapana iwe ngumu. Ukifanya, wawili washike simu moja uso kwa uso. Na programu isihifadhi majibu ya mtoto hata moja.