Kuchagua Maneno ya Utafutaji kwa Anayeandika Mambo Mengi

Mtu anayeandika leo mapishi, kesho historia ya mji wake na keshokutwa safari za Pangani hukabiliwa na swali lisilomsumbua sana yule aliyeshika jambo moja: atumie maneno gani ili wanaotafuta katika Google wamfikie? Kosa ninaloliona mara nyingi hapa Tanga ni kutafuta neno moja la kuibeba tovuti nzima, kama vile "maisha" au "habari za Tanga". Maneno ya utafutaji huchaguliwa kwa kila ukurasa peke yake, kwa kuwa anayetafuta huangukia moja kwa moja kwenye ukurasa unaojibu alichouliza, na huenda asijue kabisa kwamba tovuti hiyo hiyo ina mambo mengine.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, andika kwenye karatasi swali ambalo ukurasa huo utalijibu. Chukua mfano wa Mapango ya Amboni. Anayeandika "mapango ya Amboni" huenda ni mwanafunzi anayetaka kujua jinsi maji yalivyoyachimba mapango hayo katika mawe ya chokaa, na huenda ni mgeni aliyeshuka stendi ya Kange anayetaka kujua usafiri na kiingilio. Hayo ni mahitaji mawili, nayo yanastahili kurasa mbili: mmoja wa "mapango ya Amboni yalitokeaje", na mwingine wa "jinsi ya kufika mapango ya Amboni kutoka Tanga mjini". Fungu refu la maneno hutafutwa na watu wachache kuliko neno moja, lakini wachache hao wanataka hasa kile ulichokiandika, na washindani wako hupungua. Neno "Amboni" peke yake litakushindanisha na kamusi elezo na kampuni za utalii.

Kazi kubwa zaidi imo katika Kiswahili chenyewe, kwa sababu kitu kimoja kina majina mengi. Mkate wa kumimina wengine huuita mkate wa sinia, na wengine mkate wa mchele. Kaimati kwa wengine ni kalimati. Sisi wa pwani tunasema mbatata, ilhali msomaji wa Dodoma hutafuta viazi mviringo na wa Mbeya huenda akaandika viazi ulaya. Niliwahi kuandika namna ya kupika mkate wa kumimina, nikaupa ukurasa kichwa kinachosifu harufu ya jiko la bibi. Kichwa hicho nilikipenda sana, lakini hakikumwambia msomaji wala Google kwamba ndani mna mkate. Weka kwenye kichwa jina ambalo wasomaji unaowalenga hulitumia zaidi, kisha majina mengine yaingize ndani ya sentensi kwa njia ya kawaida, kama unavyomweleza mgeni: "mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia". Jina la kwetu lisifutwe kwa sababu tu halitafutwi sana, kwani anayelitafuta hana pengine pa kwenda. Aidha, si busara kutegemea kwamba mtambo utatambua kila mara kuwa "upishi", "mapishi" na "kupika" ni ukoo mmoja. Yatumie yote pale maana inaporuhusu.

Ili kujua watu huandika nini hasa, fungua kivinjari katika dirisha la faragha, ili historia yako mwenyewe isiyageuze matokeo, kisha andika mwanzo wa swali polepole katika kisanduku cha Google, mathalani "jinsi ya kupika mkate wa", na usome mapendekezo yanayojitokeza. Teremka hadi chini ya matokeo usome pia utafutaji unaohusiana. Google Trends nayo hulinganisha maneno kwa kipimo cha 0 hadi 100, kwa takwimu zinazoanzia mwaka 2004, nawe unaweza kuchagua Tanzania peke yake. Kipimo hicho ni cha uwiano, hakikwambii idadi ya watu, na mafungu mengi ya Kiswahili hutafutwa kwa uchache kiasi kwamba hayaonyeshi kitu. Hapo ndipo masikio yako yanapofaa kuliko chombo chochote: sikiliza watu wanavyouliza sokoni Ngamiani, au wanavyokuuliza kwa simu.

Fungu ulilolichagua liwe katika kichwa, katika aya ya kwanza, katika anwani ya ukurasa na katika maelezo ya picha inayohusika. Kulirudiarudia kila sentensi huharibu maandishi, na ni kinyume cha kanuni za Google. Ile sehemu iliyofichika ya ukurasa ambamo zamani watu waliorodhesha maneno yao ya utafutaji (meta keywords), usiipotezee muda. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Mwenye mada nyingi anahitaji pia daftari la kuandikia kila ukurasa na fungu lake. Bila daftari, baada ya mwaka utajikuta na kurasa tatu za machungwa ya Muheza zinazogombea fungu moja, na huenda zote zikabaki chini. Ziunganishe ziwe ukurasa mmoja, au kila moja ipewe swali lake, kisha ziunganishwe kwa viungo vya kubofya.

Baada ya miezi michache, fungua Google Search Console, chombo kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyojitokeza katika Google, ambacho ni bure na huhifadhi takwimu za miezi 16. Tazama maneno ambayo kurasa zako hujitokeza nayo mara nyingi lakini hazibofywi. Mengi hayakuwa katika daftari lako. Ukikuta ukurasa wa magofu ya Tongoni unajitokeza kwa "makaburi ya kale Tanga", ongeza sehemu inayoyaeleza makaburi hayo na nguzo zake, urekebishe kichwa, kisha uurudie tena baada ya wiki kadhaa kuona kilichobadilika.