Midoli ya vitenge kwa watoto wa nyumbani: shingo ndiyo itakayokutoa jasho

Mwaka jana, wiki ya pili ya Desemba, wifi yangu alinipigia simu sauti imemkauka. Alikuwa ameshona midoli minne ya kuwapa watoto Krismasi, na yote minne ilikuwa imeangusha vichwa kifuani kama walevi. Nilicheka kwanza, kisha nikamwambia ailete, maana ugonjwa huo naujua. Mimi ni fundi cherehani Dar es Salaam, na kila Krismasi tukipanda Moshi nabeba mfuko wa midoli ya watoto wa kaka na dada zangu. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha nikifumua shingo saba, na basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Haya ndiyo niliyomweleza wifi.

Anza Novemba. Desemba ikifika, kama una wateja hutagusa mdoli, na kama huna, fundi unayetegemea akuazime cherehani atakuwa nao.

Hatua ya 1: Vitambaa

Kwa mwili natumia kitambaa cha kahawia cha sare za shule, vipande vinavyobaki Januari. Ni kigumu kiasi na hakivutiki. Fulana na jezi kuukuu achana nazo, hata ukipewa bure: ukishaanza kujaza, kitambaa kinatanuka na mdoli unaota kitambi.

Nguo za mdoli ni vipande vya vitenge. Kama huna, kamwombe fundi wa mtaani kwako, analo gunia zima chini ya meza. Chagua vya pamba. Huna uhakika? Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kisha fua, tena fua hadi maji yatoke meupe, kwa sababu mdoli utalala mdomoni mwa mtoto. Habari za kuloweka kitenge kwenye chumvi ili kisichuje nimezijaribu sana, mimi hazikunisaidia chochote.

Hatua ya 2: Pateni

Pateni, yaani umbo la kufuatisha ukikata kitambaa, ichore kwenye boksi la biskuti, si kwenye gazeti. Kichwa na kiwiliwili viwe kipande kimoja, urefu sentimita 24. Kichwa upana 13, kiwiliwili 14. Mikono 14 kwa 5, miguu 18 kwa 6. Humo tayari kuna sentimita 1 ya mshono kila upande. Shingo iwe 7. Najua utaiona nene na mkono utakuwasha uipunguze. Usiipunguze, nitakwambia sababu.

Hatua ya 3: Kushona

Unajua kushona, sitakufundisha. Mambo mawili tu. Mshono uwe wa hatua fupi, maana wa hatua ndefu ukijazwa unachungulia, na pale shingoni pita mara mbili. Uwazi wa kujazia uache ubavuni, chini ya kwapa, sentimita 7. Usiuache kichwani: utabaki na kovu utosini ambalo hata nywele hazilifichi vizuri.

Natumia cherehani ya kukanyaga. Ya umeme inakimbia mno kwenye kona ndogo za mkono wa mdoli, halafu ukikatika uko gizani na kazi nusu.

Hatua ya 4: Kujaza, na shingo

Hapa kaa chini, mimina chai.

Kwanza cha kujazia. Wengi wanakimbilia sufi kwa sababu mito ya nyumbani ni ya sufi. Ni laini, sikatai, ila inapaa puani ukifanya kazi, na mdoli ukifuliwa inaganda mabonge. Vipande vya sponji vinaacha manundu, mdoli unaonekana una matezi. Nunua pamba ya faiba, ile nyeupe inayojazwa kwenye mito ya makochi. Inafulika, inakauka.

Sasa shingo. Pateni yangu ya kwanza ilikuwa na shingo ya sentimita 4, nzuri kabisa kwenye karatasi, shingo ya bibi harusi. Toa mishono, zinabaki 2. Halafu kitambaa bapa kikijazwa kinakuwa duara, na unene wake unashuka tena hadi kama theluthi mbili. Kwa hiyo kichwa kizima kilikuwa kimesimama juu ya kitu chembamba kuliko kidole gumba. Ukianza na 7, ukatoa 2, ukajaza, unapata shingo ya sentimita 3 na kidogo. Hiyo inabeba.

Lakini hata shingo nene inalegea ukijaza vibaya, na wifi aliponzwa na hapo. Yeye alijaza kichwa, akajaza tumbo, kisha akasukumia pamba kidogo katikati. Pamba ya kichwa na ya tumbo hazikushikana, na shingo ikawa bawaba.

Ninavyofanya: kabla ya kugeuza, nakata vichinjo vidogo, yaani mikato mifupi ya mkasi, kwenye ukingo wa mshono pande zote za shingo, vinne kila upande, nikiishia milimita 2 kabla ya uzi. Usipokata, shingo inakunjana ndani na haijai kamwe. Ukikata uzi, shona upya hapohapo, usijidanganye kwamba utaziba kwa mkono baadaye. Nageuza kwa ncha butu ya penseli. Mkasi hapana, nimeshatoboa mashavu mawili.

Kisha najaza kichwa kwa matonge madogo ya ukubwa wa karanga, nikianzia pembeni. Tonge kubwa linaziba njia na nyuma yake panabaki hewa. Kichwa kikifika robo tatu, nasokota pamba iwe kama sigara nene, urefu wa kidole cha kati, na kuisukuma ili nusu iingie kichwani na nusu ibaki kifuani. Hicho ndicho kiunganishi alichokikosa wifi. Naizungushia pamba nyingine pande zote mpaka nikibinya shingo kwa vidole viwili visikaribie kukutana. Ndipo nashuka kifuani.

Mshike mdoli kiunoni, mtikise. Kichwa kikitikisika, toa pamba ya kifuani urudi shingoni. Ndiyo, yote. Kuongeza juu juu hakusaidii. Nimeongeza juu juu usiku kucha.

Kuna wanaotia kijiti cha mshikaki. Kinasimamisha shingo, kweli. Siku mtoto akiukalia mdoli, kijiti kinatokea upande wa pili. Usitie.

Mpwa wangu mmoja alikataa mdoli, akataka mbuzi. Mbuzi nilimshona bila shingo kabisa, kichwa kimegandia mwilini, na hadi leo ndiye mzima kuliko wote.

Hatua ya 5: Uso na nywele

Vifungo vya shati ni macho mazuri kwa mtoto mkubwa. Kwa aliye chini ya miaka 3, tarizi macho kwa uzi, maana kifungo kinang'oka na kumezwa au kumkaba.

Nywele ni uzi wa sweta, si mabaki ya rasta, yananyonyoka. Mtoto wa dada aliniomba mdoli wake nimsuke twende kilioni, ule msuko wa haraka wa kwendea msibani. Nikamwambia, "Mama, hii ni Krismasi," mtoto akasema anaijua na bado anataka hiyo. Nilisuka.

Hatua ya 6: Nguo na kugawa

Gauni ni mstatili wa kitenge na mpira kiunoni. Ukubwa wa midoli uwe mmoja kwa wote, hata kwa yule mdogo asiyejua kitu, kwani mama yake anajua.

Kabla ya kufunga, tarizi herufi ya kwanza ya jina la mtoto chini ya unyayo wa mdoli. Kwetu wawili wanaanza na N, kwa hiyo mmoja ana N nyekundu na mwingine ya kijani, na mwenye ya kijani anajua kwamba nyekundu si yake hata akiikuta chini ya kitanda cha bibi.