Kufuatilia Jina la Snyder kutoka Pennsylvania hadi Ujerumani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mdogo wangu ameolewa katika ukoo wa Snyder huko Pennsylvania, na hivi karibuni mwanawe alipewa kazi ya shule ya kueleza jina lake la ukoo lilitoka wapi, lina maana gani na lilienea vipi. Kwa kuwa mimi hushughulika na nasaba za watu, kazi ya mpwa ikageuka kuwa kazi ya mjomba. Nimeziandika hapa hatua tulizopitia, kwa kuwa ndugu zetu wengi walioko Marekani wana watoto wanaobeba majina ya namna hii, na njia tuliyoifuata kwa Snyder inafaa pia kwa Hoover aliyekuwa Huber, au Eisenhower aliyekuwa Eisenhauer.

Hatua ya 1: Waulize wazee

Anza na walio hai, kisha vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, kisha makaburi. Hakuna la ziada la kueleza hapa, ila usiruke kizazi hata kimoja.

Hatua ya 2: Elewa maana ya jina kabla hujagusa nyaraka

Snyder ni Schneider lililoandikwa kwa sikio la Kiingereza. Schneider kwa Kijerumani ni mshonaji wa nguo, na neno lenyewe linatokana na kitenzi schneiden, yaani kukata. Sisi fundi huyu tumemwita kwa kushona kwake au kwa mashine yake, cherehani; Wajerumani walimwita kwa mkasi. Waingereza nao, waliochukua neno lao kutoka Kifaransa, walimwita mkataji vilevile, na ndiyo maana baadhi ya akina Schneider waliohamia Marekani waliona njia fupi ni kulitafsiri jina na kujiita Taylor.

Mswahili hapati shida kulitamka. Sch husomwa sh, ei husomwa ai, na er ya mwishoni hufifia hata ikakaribia a, kwa hiyo jina ni Shnaida. Sasa mfikirie karani wa Kiingereza aliyelisikia kwa mara ya kwanza: katika lugha yake maneno hayaanzi kwa shn, kwa hiyo aliandika sn, na sauti ya ai aliiandika kwa i au kwa y kama alivyozoea. Hapo ndipo walipozaliwa Snider na Snyder.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kila kijiji cha Kijerumani kilikuwa na mshonaji wake, na majina ya ukoo yalipoanza kushika mizizi, kati ya karne ya 12 na ya 16, maelfu ya familia zisizohusiana zililipata jina hili kila moja kivyake. Ndiyo sababu Schneider ni miongoni mwa majina matatu yenye watu wengi zaidi Ujerumani, pamoja na Müller na Schmidt, na ndiyo sababu hakuna ukoo mmoja wa Snyder. Anayekuuzia kikombe chenye “nembo ya ukoo wa Snyder” anakuuzia kikombe tu, kwa maana nembo zilimilikiwa na mtu au familia fulani, si na jina. Pili, si kila Snyder ni Mjerumani. Waholanzi wana Snijder, na katika bonde la mto Hudson, New York, walichanganyika na Wajerumani kiasi kwamba jina peke yake halitoshi kuwatenganisha. Waswisi huandika Schnyder. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki nao walikuwa na jina hili, na wengi walifika Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Usiamue asili kwa tahajia, subiri nyaraka.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya tahajia

Chukua karatasi, naam, karatasi na penseli, si faili la kompyuta, uandike Schneider, Schneyder, Schnider, Schnyder, Sneider, Snider, Snyder na Taylor. Kila unapotafuta, zipitie zote.

Tovuti nyingi hutumia mfumo wa Soundex, unaogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kwa kufuata sauti. Schneider, Snider na Snyder zote hutoa S536, jambo linalosaidia sana. Hata hivyo Sanders nayo hutoa S536, kwa hiyo utaletewa akina Sanders wengi wasiokuhusu, ilhali Taylor hutoa T460 na haitaonekana kabisa usipoitafuta kwa jina lake.

Hatua ya 4: Rudi nyuma kwa sensa hadi ujue walifika lini

Mimi hutumia tovuti ya FamilySearch kwa sababu ni ya bure na huonyesha picha ya ukurasa wenyewe. Miti ya nasaba iliyopakiwa na watu wengine siitumii hata kama kidokezo, kwani kosa la mmoja hunakiliwa na mia.

Anza na sensa ya 1950 urudi nyuma. Sensa za 1900, 1910 na 1920 huuliza mwaka ambao mtu alihamia, na ya 1880 huuliza wazazi walizaliwa wapi. Ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa 1921, kwa hiyo usihangaike nayo. Kabla ya 1850 huandikwa jina la mkuu wa kaya peke yake, na wengine huhesabiwa tu kwa umri na jinsia.

Ukiona familia iko Pennsylvania tayari katika sensa ya kwanza ya 1790, basi umeingia katika wimbi la karne ya 18, na hapo ndipo tahajia ya Snyder huwa imejaa. Waliofika karne ya 19 kupitia New York, Baltimore au New Orleans mara nyingi walibaki na Schneider. Hiki ni kipimo cha kuanzia tu, lakini kilitusaidia. Kwa wimbi hili la pili, orodha za meli zilizoondoka Hamburg kati ya 1850 na 1934 zimehifadhiwa, ilhali za Bremen karibu zote zimeangamia.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa na yakini kwamba jina lilibadilishwa na ofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York. Tulimheshimu, lakini haikuwezekana: kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, wakati akina Snyder hawa walikuwa wameshazikwa Pennsylvania vizazi vinne. Isitoshe, maofisa wa pale hawakuwa wakiwabatiza watu majina mapya. Walisoma orodha iliyoandikwa na kampuni ya meli bandarini walikotoka abiria.

Hatua ya 5: Orodha za meli za Philadelphia

Kuanzia 1727 serikali ya koloni la Pennsylvania iliwataka Wajerumani wote wa kiume wenye umri wa miaka 16 na zaidi waape kiapo cha utii mara washukapo. Walikuwa wamesafiri kwa mto Rhine hadi Rotterdam, wakapitia bandari ya Uingereza, kisha wakavuka bahari. Wengi walitoka Pfalz, eneo la kusini magharibi mwa Ujerumani, na majimbo jirani, nchi iliyokuwa imeharibiwa na vita vya karne ya 17, na miaka ya 1749 hadi 1754 ndiyo waliyofurika zaidi.

Orodha hizi zilichapishwa mwaka 1934 katika mabuku matatu ya Strassburger na Hinke. Nakushauri uende moja kwa moja kwenye buku la pili, kwa kuwa lina picha za saini zenyewe. Kwa baadhi ya meli zimebaki orodha mbili au tatu: moja ya nahodha, na nyingine za viapo ambazo abiria walitia saini kwa mkono wao. Asiyejua kuandika aliweka alama, karani akaandika jina pembeni. Kwa hiyo mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, anaweza kuwa Snyder katika orodha ya nahodha na Schneider katika saini yake. Mpwa wangu alipouona ukurasa wa namna hiyo alielewa kwa dakika moja yale ambayo mimi nilikuwa nimeyaeleza jioni nzima.

Hatua ya 6: Vitabu vya kanisa vya Ujerumani

Hapa ndipo nilipopoteza wikiendi mbili, na naomba usome polepole.

Nilikuwa na jina, mwaka wa kukadiria na eneo. Faharasa ya mtandaoni ikaniletea Johann Adam Schneider, aliyebatizwa katika kijiji kinachofaa, miaka inayofaa. Nikafurahi, nikapanda hadi kwa baba yake, kwa babu yake, hata nikafika vizazi vinne juu. Kilichonishangaza ni kwamba ndugu zake hawakuonekana popote kwa jina la Schneider. Hatimaye nilifungua picha ya ukurasa, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, nikakuta mchungaji ameandika: Johann Adam Weber, Schneider. Jina la ukoo lilikuwa Weber, yaani mfumaji, na Schneider ilikuwa kazi yake. Aliyetengeneza faharasa alichukua neno la mwisho akalifanya jina. Mfumaji kwa jina, mshonaji kwa kazi, na mimi nikiwa nimefuata ukoo usio wetu.

Usitegemee herufi kubwa ikuokoe. Katika Kijerumani nomino huandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo jina na kazi huonekana sawa. Tazama mkato. Tazama kama kuna neno Meister, ambalo hutangulia jina la fundi aliyehitimu. Tazama pia umbo la mwandiko: wachungaji wengi waliandika maelezo kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani uitwao Kurrent, lakini majina ya watu wakayaandika kwa herufi za Kilatini au kwa herufi kubwa zaidi, na tofauti hiyo ndiyo iliyoniokoa baadaye. Katika vitabu vya Kikatoliki, ambavyo vingi vimeandikwa kwa Kilatini, kazi ya ushonaji huandikwa sartor. Sartorius ni jambo jingine: hilo ni jina la ukoo, Schneider aliyesoma akajigeuza kwa Kilatini.

Kisha kuna wanawake. Jina la ukoo la mwanamke liliongezewa -in mwishoni, kwa hiyo Anna Maria Schneiderin si wa ukoo mwingine, ni mke au binti wa Schneider. Lakini Schneiderin ni pia mshonaji wa kike. Soma sentensi nzima, usisome neno.

Kisha kuna Johann. Wavulana wengi wa familia moja waliweza kubatizwa Johann Peter, Johann Jakob na Johann Georg, na kila mmoja akaitwa kwa jina la pili maisha yake yote. Anayetia saini Philadelphia kama Peter Schneider huenda ndiye Johann Peter wa kitabu cha ubatizo. Johannes, kwa upande mwingine, lilikuwa jina la kuitwa lenyewe, na kumchanganya na Johann ni kosa la kila anayeanza.

Kuhusu mwandiko wenyewe, herufi e ya Kurrent hufanana na n, na u huwekewa kijimkunjo juu ili isichanganywe na n. Mimi huandika neno Schneider mara ishirini kwa mkono huo kabla ya kufungua kitabu chochote. Programu za kusoma mwandiko zipo na zinazidi kuwa nzuri, lakini kwa jina moja unalolitafuta mkono wako ni mwalimu bora.

Usikubali ubatizo mmoja kuwa ushahidi. Mimi hudai mambo matatu: ubatizo, ndoa au mazishi ya mtu huyohuyo, na wasimamizi wa ubatizo wanaojirudia katika familia. Ukikuta mtoto unayemfuatilia amezikwa akiwa na miaka miwili, hakuwahi kwenda Pennsylvania, hata kama mwaka na jina vinalingana. Na ukifika karibu na 1650 ukuta ukakuzuia, usishangae, kwa kuwa vitabu vingi vya eneo hilo vilianza, au vilianza upya, baada ya Vita vya Miaka Thelathini vilivyokwisha mwaka 1648.

Hatua ya 7: Chora kuenea kwa jina

Weka alama kwenye ramani kwa kila hati uliyonayo. Kutoka Philadelphia jina lilienda Lancaster, alikozaliwa mwaka 1759 Simon Snyder, aliyekuwa gavana wa Pennsylvania kuanzia 1808 hadi 1817; kaunti ya Snyder, iliyoundwa 1855, inaitwa kwa jina lake. Familia nyingine zilishuka kusini hadi bonde la Shenandoah, Virginia, na baadaye zikaelekea magharibi hadi Ohio na Indiana. Wamenno, yaani Wakristo wa madhehebu ya Mennonite, nao walihamia Kanada: Joseph Schneider kutoka Pennsylvania alifika mwaka 1807 mahali palipokuja kuitwa Berlin, Ontario, mji uliobadilishwa jina kuwa Kitchener mwaka 1916 wakati wa vita na Ujerumani. Tawi la New York lina historia yake, kwani Wajerumani wapatao 3,000 walipelekwa huko mwaka 1710, baada ya wimbi la Wapfalz kumiminika London mwaka uliotangulia.

Andika kila tahajia kama ilivyo kwenye hati yake, usisawazishe. Katika karatasi ya mpwa wangu mtu mmoja ni Schneider katika saini ya meli, Snider katika orodha ya kodi na Snyder juu ya jiwe la kaburi. Mwalimu aliyazungushia mawili ya kwanza kwa wino mwekundu, na mtoto akamrudia kesho yake na nakala ya ukurasa wa saini.